Mgombea Urais Akija Mji wa Chuo



Msimu wa uchaguzi ukiwadia, miji yenye vyuo vikuu hupata wageni wengi. Msafara wa magari unaingia ukipiga honi, vipaza sauti vinafungwa, wanamuziki wanapanda jukwaani, kofia na fulana zinagawiwa, na mwishowe mgombea urais anasimama kuwaambia vijana kwamba wao ndio taifa la kesho. Jioni mkutano unafungwa, msafara unashika njia kwenda mji mwingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa namna hii akija, mwenyeji wake, yaani mwanafunzi, anapona nini?

Swali hili nisingependa tulijibu kwa ushabiki. Kwa hiyo nimechagua mkutano mmoja ambao habari zake zimehifadhiwa vizuri, uliofanyika mbali na hapa, lakini matokeo yake yakatufikia mpaka Tanganyika. Ulifanyika usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1960, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, nchini Marekani.

Ann Arbor ni mji wa chuo hasa. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzishwa Detroit mwaka 1817, kikahamia Ann Arbor mwaka 1837, na tangu hapo mji na chuo vimekua pamoja. Mwaka 1960 mji huo ulikuwa na wakazi wapatao 67,000, na chuo kilikuwa ndicho moyo wa biashara zake. Wenye nyumba za kupangisha, wenye migahawa na wauza vitabu, wote walifuata kalenda ya chuo. Miji ya aina hiyo tunayo. Aliyekaa Morogoro, Dodoma au Eldoret anajua jinsi mitaa inavyopoa wanafunzi wakienda likizo, na jinsi inavyochangamka wakirudi.

Mgombea aliyefika usiku ule alikuwa John F. Kennedy, seneta wa Massachusetts, mwenye umri wa miaka 43. Mpinzani wake alikuwa Richard Nixon, makamu wa rais wa wakati huo. Jioni ya tarehe 13 Oktoba wawili hao walikuwa wamefanya mdahalo wao wa tatu wa televisheni, Kennedy akiwa New York na Nixon akiwa Los Angeles, wakavutana juu ya visiwa vya Quemoy na Matsu vilivyo karibu na pwani ya China. Mdahalo ulipokwisha, Kennedy akapanda ndege kwenda Michigan. Alikuwa anakwenda kulala. Asubuhi yake alitakiwa kupanda treni na kuzunguka jimbo hilo, akihutubia watu kwenye stesheni moja baada ya nyingine.

Alifika kwenye jengo la wanafunzi linaloitwa Michigan Union mnamo saa nane usiku. Akakuta umati unaokadiriwa kufikia wanafunzi 10,000 unamngoja. Wakati ule wanafunzi wa kike walikuwa na saa maalumu ya kurudi bwenini, na usiku ule waliongezewa muda ili nao wamsikie. Jukwaa halikuwapo. Kennedy alisimama kwenye ngazi za jengo, akazungumza kwa muda wa dakika tatu hivi, akaingia ndani kulala.

Ndugu msikilizaji, tuyatazame aliyoyasema katika dakika hizo chache. Aliwauliza wanaosomea udaktari: ni wangapi kati yenu mko tayari kwenda kufanya kazi Ghana? Akawauliza mafundi na wahandisi: ni wangapi mko tayari kuingia katika utumishi wa nje na kuishi maisha ya kuzunguka dunia? Kisha akawaambia kwamba utayari wao wa kuitolea nchi sehemu ya maisha yao, zaidi ya mwaka mmoja au miwili, ndio utakaoamua kama jamii iliyo huru inaweza kushindana na wapinzani wake.

Hakuwaahidi mikopo, wala ajira, wala bweni jipya. Mkutano mzima ulisimama juu ya jambo moja: mgombea aliwaomba vijana watoe kitu. Na wengi wa vijana hao hawakuwa hata na kura ya kumpa, kwa sababu umri wa kupiga kura katika jimbo hilo ulikuwa miaka 21. Marekani ilishusha umri huo hadi miaka 18 kwa nchi nzima mwaka 1971, yaani zaidi ya miaka kumi baadaye.

Tusimpambe Kennedy kupita kiasi. Wazo la kuwapeleka vijana kufanya kazi katika nchi changa hakulibuni yeye. Mbunge Henry Reuss wa Wisconsin alikuwa amelipigania kabla yake, na Seneta Hubert Humphrey alikuwa amewasilisha mswada kuhusu jambo hilo mwaka huohuo wa 1960. Tena Kennedy alikuwa na hesabu zake za kisiasa. Nchi 17 za Afrika zilipata uhuru mwaka ule mmoja, na Marekani ilikuwa inashindana na Urusi ya Kisovieti kutafuta marafiki katika bara hili.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuingia katika kampeni hiyo. Julai 1960 Tom Mboya wa Kenya alikwenda Hyannis Port, Massachusetts, kuonana na Kennedy, kutafuta fedha za kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani. Mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Upande wa Nixon ukalalamika, na msaada huo ukawa hoja ya mabishano katika Seneti. Mmoja wa vijana walioondoka na mpango huo Septemba 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Atchison, Kansas, na ambaye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa hiyo Kennedy alipoitaja Ghana usiku wa manane mbele ya wanafunzi wa Michigan, Afrika ilikuwa imo katika fikra zake na katika mizani yake ya kura.

Hata hivyo, hotuba ya dakika tatu ingeweza kuishia palepale kwenye ngazi. Hotuba ngapi za kampeni zimeishia uwanjani? Hii haikuishia pale kwa sababu ya wanafunzi wenyewe, na hapo ndipo penye funzo kubwa zaidi.

Siku chache baadaye Chester Bowles, mshauri wa Kennedy katika mambo ya nje, naye alikuja Ann Arbor kuzungumza, akaeleza kazi ambazo mwanawe na mkwewe walikuwa wakifanya Nigeria. Katika waliomsikiliza walikuwamo mume na mke, Alan na Judith Guskin, wanafunzi wa shahada za juu. Walirudi wakakaa, wakaandika barua kwa gazeti la wanafunzi, Michigan Daily, wakisema kwamba wako tayari kwenda na wakiwaomba wenzao walio tayari wajitokeze. Wenzao wakajitokeza. Wakaunda kamati, wakaitisha mikutano, wakapitisha karatasi ya kutia saini, na majina ya walioahidi kwenda yakafika mamia kwa mamia.

Habari hizo zikamfikia mgombea. Tarehe 2 Novemba, akiwa San Francisco, Kennedy alitangaza rasmi kwamba akichaguliwa ataunda jeshi la amani la vijana wa kujitolea. Nixon akalipinga wazo hilo, akidai kuwa litakuwa kimbilio la wanaokwepa kuandikishwa jeshini. Tarehe 6 Novemba, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya kura, wanafunzi wa Michigan walikwenda Toledo, Ohio, kuonana na Kennedy na kumwonyesha orodha ya majina. Tarehe 8 Novemba Kennedy akashinda kwa tofauti ya kura zisizofika 120,000 katika nchi nzima. Tarehe 1 Machi 1961 akasaini amri ya kuunda jeshi hilo la amani, yaani Peace Corps, na shemeji yake, Sargent Shriver, akawa mkurugenzi wa kwanza. Tarehe 22 Septemba mwaka huohuo akasaini sheria iliyopitishwa na bunge.

Toka swali lilipoulizwa kwenye ngazi mpaka amri iliposainiwa, haikupita hata miezi mitano. Kilichojaa katikati ni kazi ya vijana: barua, kamati, saini na safari. Mgombea aliuliza swali kwa dakika tatu, wao wakafanya kazi kwa majuma.

Na matunda yake yakaja kwetu. Tarehe 21 Aprili 1961 Kennedy aliwatangazia waandishi wa habari kwamba mradi wa kwanza wa Peace Corps utakuwa Tanganyika. Nchi yetu ilihitaji barabara, na barabara haijengwi kabla ardhi haijapimwa. Wakaja wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi, wakawasili hata kabla bendera ya uhuru haijapandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Ghana, ile iliyotajwa usiku wa manane, ilipokea walimu wake mwishoni mwa Agosti mwaka huo. Tangu wakati ule zaidi ya Wamarekani 240,000 wamekwenda kufanya kazi za kujitolea katika nchi mbalimbali kwa mpango huo. Wako watu wazima wengi hapa Tanzania ambao mwalimu wao wa hisabati au wa fizikia alikuwa kijana wa Peace Corps.

Lakini hadithi ya Ann Arbor haikukoma kwenye shangwe. Tarehe 22 Mei 1964, mwaka mwingine wa uchaguzi, Rais Lyndon Johnson alisimama katika uwanja wa mpira wa chuo hicho, mbele ya watu wapatao 80,000 waliokuja kwenye mahafali, akatangaza mpango wake mkubwa wa kupambana na umaskini na ubaguzi. Alishangiliwa. Haukupita mwaka, usiku wa tarehe 24 Machi 1965, wahadhiri na wanafunzi wa chuo hichohicho, wapatao 3,000, walikesha madarasani mpaka asubuhi wakichambua vita vya Vietnam na kuipinga serikali ya Johnson. Mkesha ule wa masomo ulikuwa wa kwanza wa aina yake, na vyuo vingine vingi vikaufuata. Serikali iliyopingwa ilitoka chama kilekile kilichoshangiliwa mwaka 1960.

Mimi nawasifu kwa yote mawili. Mji wa chuo uliokwenda na mgombea alipouliza swali jema, ulimkatalia rais alipochukua njia ambayo wao waliiona mbaya. Hawakuwa mali ya chama chochote. Mwanafunzi anayejua kushangilia tu hana msaada kwa nchi, na anayejua kuzomea tu hana msaada vilevile. Hata hapa Afrika vita vile viliitia doa Marekani machoni pa wengi. Peace Corps iliondoka Tanzania mwaka 1969, ikarudi miaka kumi baadaye.

Na sisi tuna historia yetu katika jambo hili la kuwataka wasomi waitumikie nchi, na tusiifiche. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, huku sehemu kubwa ya mishahara yao ikikatwa. Baadhi ya mabango yao yalisema hali ilikuwa nafuu wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa rais, alikasirika. Alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akawarudisha wanafunzi makwao, mamia kwa mamia.

Mwalimu alikuwa na haki katika msingi wa hoja yake. Vijana wale walisomeshwa kwa jasho la wakulima, na mkulima alistahili kurudishiwa kitu. Nchi ilikuwa maskini, haikuwa na muda wa kungoja majina yajae kwenye karatasi. Lakini tofauti ya namna jambo lilivyowafikia vijana ni kubwa. Ann Arbor wajibu ulifika kama swali, vijana wakalichukua, wakalifanya lao. Dar es Salaam wajibu ulifika kama sheria, vijana wakausikia kama adhabu. Naamini kijana anayeulizwa kwanza, akapewa nafasi ya kujibu, hubeba mzigo mzito kuliko yule anayetwishwa.

Turudi kwenye kampeni zetu za leo. Mgombea akija mji wa chuo, mara nyingi huwa ameandaa mambo mawili: ahadi na burudani. Ahadi ni mikopo ya elimu ya juu na ajira. Mambo hayo ni ya haki, wala sisemi yasitajwe. Mwanafunzi ambaye fedha zake za kujikimu zimechelewa anashinda na njaa, na mgombea asiyeligusa hilo hajui anazungumza na nani. Ila ahadi isiyo na swali humfanya kijana kuwa mpokeaji tu. Anakuja uwanjani kupokea fulana, anapokea ahadi, anaondoka. Miaka mitano baadaye anakuja mwingine, naye anampokea vilevile.

Kuna swali gani la kuwauliza vijana wetu? Yako mengi na yote ni ya kweli. Ni wangapi kati yenu mnaosomea udaktari mko tayari kufanya kazi katika zahanati ambayo gari la wagonjwa haliifikii masika? Ni wangapi kati yenu walimu wa sayansi mko tayari kukaa miaka mitatu katika sekondari ya kata isiyo na maabara? Ni wangapi kati yenu mabwana shamba mko tayari kulala kijijini na mkulima anayevuna magunia matano mahali pa ishirini? Mgombea atakayeuliza hivyo, akaeleza na serikali yake itatoa nini ili kijana huyo aweze kufanya kazi hiyo, nyumba gani, vifaa gani, mshahara gani, huyo atakuwa amewaheshimu wanafunzi kuliko yule aliyekuja na malori ya kofia.

Upande wa wanafunzi nao una kazi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1960 iliwanyima kura wengi wa vijana wa Ann Arbor. Sheria zetu zinawapa vijana wa miaka 18 kura hiyo, lakini hesabu za kalenda zimewahi kuwanyang'anya. Mwaka 2010 hapa Tanzania wanafunzi wengi walikuwa wamejiandikisha katika vituo vya vyuoni, kisha ufunguzi wa vyuo ukasogezwa mpaka baada ya uchaguzi wa Oktoba, na siku ya kura ikawakuta makwao, mbali na vituo vyao. Jambo la namna hiyo halipaswi kutokea tena. Serikali za wanafunzi zihakikishe mapema, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, kwamba kila mwanafunzi anajua atakuwa wapi siku ya kupiga kura na anajua jinsi ya kuhamisha taarifa zake katika daftari la wapiga kura. Huo ni wajibu mkubwa kuliko kupanga nani atampokea mgombea getini.

Na vyuo vyenyewe visiogope. Siyo lazima chuo kiwe tawi la chama ndipo wagombea wasikilizwe. Chuo kinaweza kuwaalika wagombea wote kwa usawa, kikawapa muda sawa, kikawapa wanafunzi nafasi ya kuuliza maswali yaliyoandikwa, na wahadhiri wakachambua majibu siku inayofuata. Wapambe wabaki nje na vipaza sauti vyao. Darasa la sayansi ya siasa, la uchumi na la kilimo litafaidi kwa siku moja ya namna hiyo kuliko kwa majuma ya kusoma ilani peke yake.

Ndugu msikilizaji, hukumu yangu ni hii. Mkutano wa kampeni katika mji wa chuo usipimwe kwa wingi wa watu uwanjani, kwa sababu watu hujazwa kwa mabasi. Upimwe kwa mambo mawili: swali ambalo mgombea amewaachia vijana, na kazi ambayo vijana wameifanya baada ya msafara kuondoka. Likikosekana mojawapo, mgeni amekuja na kuondoka, na mwenyeji hakupona.

Basi kijana unayenisikiliza, mgombea akija katika mji wenu, nenda ukamsikilize, hata kama siye wa chama chako. Akikuuliza swali, lichukue kwa uzito. Asipokuuliza, nyosha mkono umuulize wewe. Wiki hiyohiyo kaeni na wenzenu, andikeni kwa gazeti au kwa redio ya chuo chenu, kusanyeni majina ya walio tayari kufanya kazi mnayoitaka, mkampelekee mgombea huyo na wapinzani wake pia. Kisha siku ya uchaguzi uwe mahali ambapo jina lako lipo, ukapige kura.